Flashi Mia Mbili na Arobaini kwa Mpigo Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Kazi nimeipata. Nimeipata mbele ya Mzee Moja-Moja. Laiti ningekuwa na kamera.

Niandike kwa mpangilio. Dada yangu anafundisha wakunga. Miaka mitatu amekuwa akirekodi masomo yake kwa video: masomo thelathini na mawili, mikono yake, sauti yake, na yule mwanasesere wa mpira anayejifungua kila siku bila kulalamika. Ijumaa saa mbili asubuhi wahitimu wake mia mbili na arobaini wanapanda mabasi kwenda vituo vya afya ambako mtandao haufiki. Masomo lazima waondoke nayo kwenye flashi. Mkunga akikwama na mama mwenye uchungu, hana wa kumpigia simu. Anafungua flashi, anamwona mwalimu wake. Dada amelisema hilo mara tatu, na mara zote tatu alikuwa ananitazama mimi.

Mzee Moja-Moja ni mtunza stoo wa chuo. Ana kompyuta tatu kuukuu. Hunakili flashi moja kwa kila kompyuta. Ikiisha, anafungua somo la kwanza, anafungua la mwisho, anaandika namba kwenye daftari, ndipo anachukua nyingine. Jina lake limetoka huko. Akasema, kwa sauti ya mtu anayepoza chai, kwamba akianza kesho asubuhi, Alhamisi alasiri atakuwa amemaliza.

Alhamisi! Nikacheka. Nikasema nipeni mimi, Jumatano jioni zinarudi zote. Dada akauliza kwa njia gani. Nikasema kwa mpigo mmoja. Akauliza maana yake nini. Nikasema tatizo la chuo hiki ni kwamba watu wanafikiri kwa foleni.

Akasita. Nikamkumbusha kwamba sisi ni wa tumbo moja, na kwamba tangu mwaka jana sijaharibu kitu chochote cha familia. Akasema ni kwa sababu hakuna aliyenipa kitu. Lakini alinipa. Katoni moja ya flashi mpya, na juu yake flashi mama yenye masomo yote.

Mzee akanisindikiza hadi mlangoni. "Ukikwama, kijana, mimi nipo stoo." Nina miaka arobaini na mmoja. Kijana!

Hesabu: flashi moja inachukua dakika kumi na tano na sekunde nane. Nimepima kwa saa ya mkononi. Moja baada ya nyingine ni saa sitini na ushee. Zikichomekwa zote pamoja ni dakika kumi na tano na sekunde nane. Hesabu ya darasa la nne. Inashangaza kwamba hakuna aliyeiona kabla yangu.

Jumanne, 5 Machi

Saa mbili asubuhi. Nimetwaa meza ya mke wangu ya kukatia vitambaa. Yeye ni fundi cherehani, na ile ndiyo meza ndefu kuliko zote nyumbani. Alikuwa ametandika gauni la bibi harusi. Nimelisogeza. Amelirudisha. Nimelisogeza tena, kidogo. Tumekubaliana mpaka: chaki nyeupe katikati ya meza, upande huu gauni, upande huu sayansi.

Nimenunua visanduku vitatu. Kila kimoja kina waya mmoja unaoingia kwenye kompyuta na matundu kumi ya kuchomekea flashi. Muuzaji aliniuliza navitakia nini. Nilimwambia atasikia.

Saa mbili na nusu. Kisanduku cha kwanza, flashi kumi. Taa kumi za bluu zinapepesa kwa pamoja. Mke wangu amekiri kwamba zinapendeza. Nimeanza kuhesabu muda.

Saa mbili na dakika arobaini na tano. Bado.

Saa tatu na dakika kumi. Bado! Nimeichomoa moja kuona kama imepata moto. Imepata. Nimeirudisha.

Saa nne na dakika hamsini. Zimeisha. Muda wa saa mbili na dakika ishirini kwa flashi kumi. Nimegawa. Dakika kumi na nne kila moja. Yaani ni karibu sawasawa na Moja-Moja, isipokuwa yeye ana kompyuta tatu.

Mke wangu, bila kuinua macho kutoka kwenye gauni, akauliza kama kompyuta ina mdomo mmoja au kumi. Nikasema mdomo mmoja. Akasema basi imezungumza na watu kumi kwa zamu. Nikamwambia mambo ya umeme hayafanani na mazungumzo. Lakini lilinikera kutwa nzima.

Zile kumi nimezitia kwenye kopo la vifungo, ziwe kumbukumbu ya njia mbaya.

Alasiri. Mbinu ya pili. Ikiwa mdomo ni mmoja, basi upewe nguvu. Nimechomeka kisanduku cha pili ndani ya cha kwanza, na cha tatu ndani ya cha pili. Kama treni. Flashi ishirini na nane. Nilivyochomeka ya mwisho, taa zikapepesa, zikafifia, zikazimika kuanzia mkiani. Kompyuta ikalia ding. Ikalia tena. Ikalia mara ishirini na nane, nilizihesabu, kisha ikanyamaza kabisa na kioo kikawa cheusi.

Mke wangu akauliza kama ni mimi niliyezima pasi yake.

Ni mimi niliyezima pasi yake. Na redio ya jirani.

Jioni Dada alipiga simu. Nikamwambia kazi inakwenda. Akauliza ngapi ziko tayari. Nikamwambia swali hilo ni la kizamani, hatuhesabu tena moja-moja. Akasema Mzee anauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia ampe salamu.

Siachi. Ni suala la kichwa tu.

Jumatano, 6 Machi

Nimeshinda! Niandike kabla furaha haijapoa.

Asubuhi nilikaa na kompyuta na kufungua kila kitu kinachofunguka. Mipangilio ndani ya mipangilio. Nikakuta ukurasa ambao nadhani hakuna binadamu aliyewahi kuufikia. Una vichaguo viwili kuhusu flashi. Cha kwanza kinaitwa Kutoa Haraka. Cha pili kinaitwa Utendaji Bora. Tiki ilikuwa kwenye cha kwanza! Siku zote! Mtu anakuwa na utendaji bora ndani ya kompyuta yake na anaishi bila kuutumia! Nikahamisha tiki. Chini yake kulikuwa na maneno kwa herufi ndogo. Sikuwa na muda wa herufi ndogo.

Kisanduku kimoja, flashi kumi. Nikabonyeza.

Ule mstari wa kijani, ambao jana ulikuwa unatambaa kama konokono mgonjwa, ulikwenda mwanzo hadi mwisho kwa sekunde hamsini na mbili. Nilidhani nimeona vibaya. Nikafungua flashi moja. Majina yote thelathini na mawili yapo, kuanzia Somo la 1, Kumpokea Mama, hadi Somo la 32, Saa ya Kwanza ya Mtoto. Nikapiga kelele. Mke wangu akajichoma pini.

Kumi za pili. Sekunde hamsini na tano. Kumi za tatu. Nikaingia kwenye mwendo: chomeka, bonyeza, chomoa. Kompyuta ilikuwa inaleta vijisentensi pembeni, inataka iagwe kwanza kabla flashi haijatolewa. Kila kuaga kunakula sekunde sita. Sikuaga. Kumi zilizomaliza natupa kwenye beseni, kumi mpya nachukua kwenye katoni. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Nadhani watu waliokuwa wakipita dirishani walisimama.

Mke wangu akaja na kitambaa begani. Akauliza nimefungua somo lolote na kulitazama? Nikasema majina yapo. Akasema hakuuliza majina. Hata gauni hili, akasema, bibi harusi ameshalivaa mara mbili na harusi bado. Nikamwonyesha saa. Flashi mia mbili na thelathini, masaa mawili na dakika arobaini na moja, pamoja na kunywa chai. Akarudi kwenye cherehani.

Saa kumi alasiri nimeingia chuoni na beseni kichwani. Ndiyo, kichwani. Nilipita mbele ya stoo taratibu, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Mzee alikuwa ameinama. Akasimama mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatazama beseni, akatazama saa ya ukutani. "Zote?" Zote, mzee wangu, kasoro kumi nilizoziacha nyumbani makusudi. Akauliza kama nimezifungua. Huyu na mke wangu wamekula kiapo kimoja!

Dada alinikumbatia. Kwa kweli alinikumbatia. Alisema kesho saa tano atawakusanya wote ukumbini na kuwagawia mwenyewe.

Kesho navaa shati jeupe.

Alhamisi, 7 Machi

Naandika kwa ufupi.

Saa tano na robo. Ukumbi umejaa. Wakunga mia mbili na arobaini wamekaa. Mimi mstari wa mbele, shati jeupe. Dada akachukua flashi ya juu kabisa kwenye beseni, akaichomeka mbele ya watu, picha ikatokea ukutani. Majina yote thelathini na mawili. Makofi. Nikainuka nusu.

Akabonyeza Somo la 1. Kioo cheusi. Maandishi meupe: faili hii haifunguki.

Akabonyeza Somo la 2. Hivyo hivyo. Somo la 32. Hivyo hivyo. Akachukua flashi nyingine. Na nyingine. Majina, majina, majina, na ndani hamna kitu. Mkunga mmoja mrefu wa mstari wa nyuma akasema, "Mwalimu, kichwa tunakiona, mtoto ndiyo haji." Ukumbi mzima ukacheka. Dada hakucheka. Alikuwa ameshika beseni kwa mikono miwili.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema kwa sauti ndogo kwamba kesho saa mbili mabasi yanaondoka, na kwamba hawa wanakwenda kuzalisha watu. Kisha akatoka kwenda stoo, nami nyuma yake.

Tulikuta Mzee ameshafungua stoo na kompyuta zote tatu zimewaka. Hakuuliza kilichotokea. Aliomba kompyuta yangu, niliyokuja nayo kujionyesha, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa ule niliodhani hakuna binadamu aliyewahi kuufikia, akavaa miwani, akazisoma zile herufi ndogo kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Kwamba ukichagua Utendaji Bora, kompyuta inajifanya imemaliza huku vitu bado imevishika yenyewe, inaviandika kwenye flashi taratibu baadaye. Kwamba usichomoe kabla ya kuiaga.

Nikasema herufi zile ni ndogo mno kwa jambo zito hivyo. Dada akaniambia ninyamaze.

Hesabu ilikuwa mbaya. Saa tano na nusu. Saa kumi na mbili jioni umeme wa jengo unakatwa, ndiyo kanuni ya chuo. Saa sita na nusu za kazi. Kompyuta yangu Mzee ameikataa, na tatu zake zinatoa flashi kumi na moja kwa saa. Yaani sabini na moja. Nikapendekeza tuunganishe kisanduku. Mzee akasema, "Kisanduku kiweke chini, kijana. Chini kabisa."

Kisha akamgeukia Dada na kuuliza swali ambalo mimi sikuliuliza hata siku moja: hawa wanakwenda vituo vingapi? Dada akasema themanini, watatu watatu. Mzee akasema basi leo hatuhitaji mia mbili na arobaini. Tunahitaji themanini. Kila kituo kimoja, watatu wataangalia pamoja. Nyingine zitafuata na gari la dawa. Dada akakaa kwenye boksi la karatasi. Akahesabu tena kwa vidole. Themanini kutoa sabini na moja. Tisa.

Tisa! Umbali wa tisa tu!

Hapo nikakumbuka kopo la vifungo. Zile kumi za Jumanne, za ile njia mbaya! Nilipiga simu nyumbani. Mke wangu alizileta mwenyewe, kwa miguu, kopo mkononi na sindano bado kwenye kola. Mzee akazimwaga mezani, akatenga vifungo upande mmoja. Akachomeka ya kwanza. Somo la 1 likafunguka. Mikono ya Dada, sauti ya Dada, mwanasesere wa mpira. Ya pili, sawa. Ya tatu, sawa. Moja ilikuwa mbovu, ile niliyoichomoa kuangalia moto. Tisa nzima.

Nikasema nilijua. Wote watatu walinitazama. Mke wangu ndiye aliyetazama kwa muda mrefu zaidi.

Kazi ikaanza. Zile mbovu zikafutwa moja moja na kunakiliwa upya. Nimepewa kompyuta namba tatu na amri moja: hiyo usiiguse mpaka niseme. Kwa muda wa saa sita na nusu nimekaa hivyo. Chomeka. Subiri dakika kumi na tano. Fungua la kwanza. Fungua la mwisho. Andika namba. Mzee hakuongea ila kusema "sasa" na "bado". Nilijaribu kumwonyesha kwamba tukiruka kufungua somo la mwisho tutaokoa dakika nzima kwa kila flashi. Akasema "bado". Nilikuwa sijachomeka kitu.

Saa kumi na mbili kasoro dakika nne, namba ya sabini na moja ikaingia kwenye daftari. Mzee akaiaga kompyuta, akasubiri, akachomoa. Umeme ukakatika akiwa anavua miwani.

Ijumaa, 8 Machi

Mabasi matano uani. Dada alisimama na kompyuta juu ya pipa, akafungua kila flashi mbele ya watu wa kila kituo kabla ya kuwakabidhi. Themanini zote. Moja baada ya nyingine. Ilichukua saa nzima na dereva wa kwanza alipiga honi hadi mkono ukamchoka. Hakuna iliyogoma.

Yule mkunga mrefu alipopokea yake aliuliza kama safari hii mtoto yupo. Dada akabonyeza, sauti yake ikatoka: karibu mama, kaa hapa. Mrefu akasema anaitunza kwenye sidiria, huko haibiwi. Wenzake wakapiga vigelegele. Mabasi yakaondoka saa tatu na dakika tano.

Dada alimshika Mzee Moja-Moja mikono yote miwili. Mzee akasema zile mia moja na sitini zilizobaki ataanza Jumatatu. Nikasema naweza kusaidia. Wakasema hapana. Walisema kwa pamoja, kama kwaya.

Jumapili, 10 Machi

Siku mbili za kutafakari. Nimeelewa mengi.

Dada alipiga simu baada ya chakula cha mchana. Usiku wa kuamkia jana, katika kituo kimoja cha mbali, watatu wale walifungua Somo la 19, Mtoto Anapotanguliza Miguu, wakasimamisha video kila hatua, wakafuata mikono ya mwalimu wao. Mtoto wa kike. Mama mzima. Mmoja wao amepanda mlima mzima ili apate mtandao wa kutuma ujumbe wa kushukuru. Dada alikuwa analia. Mimi pia nililia kidogo, nakubali.

Kisha nikamwuliza flashi ile ilikuwa namba ngapi. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kwamba tisa kati ya themanini zilitoka kwenye kisanduku changu, kwa hiyo kuna uwezekano mzuri tu. Simu ikakatika. Mtandao wa siku hizi ni wa ajabu.

Lakini jambo lenyewe ni hili. Jumanne kisanduku kilifanya kazi. Flashi tisa, nzima, hadi mwisho. Zilichelewa tu. Kwa nini zilichelewa? Nimerudia maandishi yangu ya siku ile. Nilichomoa moja, ilikuwa ya moto. Moto! Kitu chenye moto kinachoka, kinapunguza mwendo. Kila mtu anajua hivyo, hata punda anajua. Lilikuwa mbele ya macho yangu wiki nzima, na Mzee, pamoja na miwani yake yote, hakuliona.

Mwenye shule ya udereva, mtaa wa nyuma, anataka flashi mia tatu za alama za barabarani kwa wanafunzi wake wanaofanya mtihani wiki ijayo. Alisema angempa Mzee Moja-Moja. Nilimwahi pale pale barabarani. Alitaka Ijumaa, nimemwambia Jumatano.

Kisanduku kipo ndani ya friji tangu saa nane, katikati ya maziwa na nyanya, flashi kumi kimezibeba. Waya unapita mlangoni, kwa hiyo mlango haufungiki vizuri na maziwa yamechacha. Lakini nimezigusa flashi sasa hivi, na ni baridi kama mawe ya mtoni.

Mke wangu amesimama jikoni, anauliza taratibu mno ni kitu gani kile. Nimemwambia asifungue-fungue mlango, atapoteza kasi.